Jina Kwenye Kituo cha Tano

Stasia hakusalimia. Aliingia maktaba na buti zake za kazi, mkanda wa zana ukiwa bado kiunoni, bisibisi na koleo zikigongana kila alipopiga hatua, hata wazee waliokuwa wakisoma magazeti wakainua vichwa. Vonetta alikuwa nyuma ya meza yake akipanga kadi. Alipomwona, moyo ulimruka kwa furaha, kama ulivyozoea kumruka kila mara alipoziona zile nywele za rangi ya majani makavu zilizofungwa ovyo. Kisha akayaona macho.

"Toka nje," Stasia alisema kwa sauti ya chini. "Nisije nikapiga kelele humu ukafukuzwa kazi."

"Kuna nini? Bibi yako Busia anaumwa?"

"Toka nje, Von."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakasimama kwenye ngazi. Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Oktoba, na upepo wa ziwani ulikuwa umeshaanza ukorofi wake. Jiji la Buffalo likishafika mwezi huo halimwonei mtu huruma. Vonetta alikuwa ameacha koti ndani. Siku nyingine Stasia angelivua lake, angemfunika nalo, na angemkemea huku akimfunga vifungo. Leo alitia mikono mifukoni.

"Gene yu hai," alisema.

Vonetta hakuelewa. "Gene gani?"

"Gene gani! Tunao wangapi? Gene wa Busia. Gene wako wa kituo cha tano cha mchezo. Yu hai, ana miaka themanini na mitano, yuko nyumba ya wazee kule karibu na kanisa la Mtakatifu Kasimiri, na anakula uji kila asubuhi kama wewe na mimi."

"Haiwezekani. Busia alisema 'alikuwa'. Kila mara alisema 'alikuwa'. Alikuwa akivaa suti, alikuwa akicheka kwa sauti, alikuwa..."

"Busia anasema 'alikuwa' kwa kila kitu anachokificha! Hata mimi mjukuu wake sikujua. Kila Alhamisi anavaa sweta yake ya bluu, anapaka rangi ya mdomo, anatuaga anakwenda kucheza karata na rafiki yake wa kiwandani. Rafiki wa kiwandani, Von. Miaka kumi na moja. Na sisi tunamwambia, haya Busia, usimfilisi mwenzio."

Vonetta alishika chuma cha ngazi. Kilikuwa cha baridi mpaka kikamuuma kiganjani, lakini hakukiachia.

"Jana alikwenda," Stasia aliendelea. "Msichana wa mapokezi akamwambia jina lake limefutwa kwenye orodha ya wageni. Familia imeagiza. Hakuambiwa zaidi ya hapo. Unajua nilimkuta wapi? Kituo cha basi. Amekaa saa mbili nzima na karata zake kwenye mkoba, hajui aende wapi. Bibi yangu, aliyelea watoto watano, hajui aende wapi."

"Stasia, mimi sikujua."

"Hukuuliza!"

Neno hilo lilimpata Vonetta pale pale alipokuwa akijikinga. Ni kweli. Hakuuliza.

*

Mchezo ule wa kutafuta ulianza kama mzaha. Mwezi wa Oktoba maktaba hufanya maonyesho ya historia ya watu wao: wanawake waliopenda wanawake, wanaume waliopenda wanaume, na wale walioitwa wavulana walipozaliwa wakaja kujijua kuwa ni wanawake. Kila mwaka yalikuwa maonyesho yale yale, picha ukutani na maandishi madogo chini yake, na waliokuja walikuwa wale wale sita, wawili kati yao wakifuata biskuti.

"Watu hawataki kusoma," Stasia alimwambia siku moja, akiwa juu ya ngazi akitengeneza taa ya ukumbi. Wakati huo walikuwa hawajafahamiana wiki tatu. "Watu wanataka kutafuta. Wafichie kitu, uone watakavyokimbia."

Vonetta, ambaye haya zilimfanya azungumze na vitabu kuliko na watu, alimtazama yule fundi umeme kutoka chini na akajikuta amesema, "Basi nisaidie kukificha."

Kuanzia hapo wakawa wawili. Kila jioni ya Jumanne na Jumamosi walikaa jikoni kwa Stasia na ramani ya jiji mezani. Walipanga vituo vinane. Mchezaji angepewa bahasha yenye dokezo, akalifumbua, likampeleka kituo kinachofuata, na kwenye kila kituo angefanya jambo ambalo watu wale walikuwa wakilifanya zamani. Mbele ya duka la viatu angebisha mara tatu na kusema neno la siri. Kwa fundi cherehani wa mtaa wa Sycamore angepimwa suti kama wale wanawake waliokuwa wakishonewa kwa kificho, mke wa fundi akilinda mlango. Na pale palipokuwa baa zamani, Stasia alifunga balbu nyekundu juu ya kaunta. Mkiwa mnacheza, mwanamke na mwanamke, mwanamume na mwanamume, balbu ikiwaka mbadilishane haraka, kila mwanamke amshike mwanamume, mcheze hivyo hivyo kama hamjui kitu. Ndivyo walivyokuwa wakifanya askari wakija. Anayechelewa ametoka mchezoni.

"Zamani aliyechelewa alikwenda rumande," Vonetta alisema walipoijaribu, wawili tu, kwenye sakafu yenye vumbi.

"Mimi ningechelewa," Stasia alijibu bila kumwachia kiuno. "Ningekuwa rumande kila wiki."

Vonetta aliinamisha uso. Stasia akamwinua kidevu kwa kidole chenye harufu ya waya, akamtazama. Balbu iliwaka ikazima. Hakuna aliyeondoka kwa mwenzake.

Aliyewapa mambo mengi kati ya hayo alikuwa Halina, bibi yake Stasia, ambaye wote nyumbani walimwita Busia, yaani bibi, kwa lugha ya Wapolandi wa mtaa wao. Siku Stasia alipowaambia wazazi wake kwamba hataolewa na mwanamume, baba yake aliondoka mezani. Ni Busia peke yake aliyechukua sahani ya Stasia, akaijaza pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, mpaka zikadondoka, akasema, "Kula. Na wewe unadhani umeanza wewe?" Miaka ilipita kabla Stasia hajaelewa maneno yale.

Ndipo siku moja, akiwa na Vonetta upande mmoja na mjukuu wake upande wa pili, Busia akatoa picha ndani ya kopo la vifungo. Wasichana wawili mlangoni mwa kiwanda cha glavu. Mmoja alikuwa yeye, ana gauni la maua. Mwingine alivaa suti ya kiume, kofia ameisukuma nyuma, anacheka na meno yote.

"Huyu ni Gene," alisema. "Alikuwa akiningoja mlango ule kila Ijumaa. Mfukoni alikuwa na kipande cha keki ya mbegu za mpopi, amekifunga kwenye leso yake nzuri. Mimi nakula, yeye ananitazama. Miaka saba. Kisha nikaolewa na babu yenu Walter." Alipangusa picha kwa kidole gumba. "Andikeni yote. Mimi sina haya tena, Walter amekwisha kufa na watoto ni wakubwa. Lakini Gene mwiteni Gene. Kule baa hakuna aliyekuwa na jina la pili. Ukimuuliza mtu jina la baba yake, mlevi yeyote atakushika shingo akutoe nje."

Vonetta aliandika kila neno. Lakini alipogeuza picha, aliona maandishi ya kalamu ya risasi yaliyofifia: G. Szumlak. Moyo wa mkutubi ukamdunda. Wiki ile ile alifukua vitabu vya majina ya wakazi wa mwaka hamsini na nane, akampata. Szumlak, Genevieve, mshonaji, kiwanda cha glavu.

"Busia alisema Gene tu," Stasia alimkumbusha alipoona dokezo limeandikwa kwa jina kamili.

"Mpenzi, fikiria. Watu hawa walizikwa bila majina. Familia zao zilichana picha, zilichoma barua. Mtu asiye na jina la pili hageuki historia, anabaki kuwa uvumi. Mimi nataka kumrudishia jina lake."

Alizungumza vizuri sana siku ile. Alikuwa na machozi machoni, na Stasia, aliyempenda zaidi akiwa hivyo, alimbusu paji la uso akasema, "Haya, mwalimu."

Jumamosi iliyopita walikuja watu mia na arobaini. Mia na arobaini, wenye mapacha mgongoni, wenye mbwa, wazee wenye magongo! Pale kituo cha tano, mlangoni mwa kiwanda kilichofungwa, walisoma kwa sauti: *Genevieve Szumlak, aliyeitwa Gene, alimngoja hapa mpenzi wake kila Ijumaa. Alikuwa na nini mfukoni? Vuka barabara ukaulize.* Wakavuka, wakaingia kwa mwoka mikate, wakapewa kila mmoja kipande cha keki ndani ya leso ya karatasi. Wengine walilia. Vonetta mwenyewe alilia, akaegemea bega la Stasia, akafikiri kwamba maishani mwake hajawahi kufanya jambo jema kama lile.

*

"Mwenye kuamua ni mtoto wa kaka yake Gene," Stasia alisema pale ngazini. "Anaitwa Lorraine Dudek. Nimempigia, amekata simu. Nikienda mimi, mjukuu wa Halina, atanifungia mlango."

"Nitakwenda mimi. Kesho asubuhi."

"Nenda." Stasia aliangalia maegesho, hakumwangalia yeye. "Mimi nilikubali pia, Von. Nilikuona umekosea, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa mzuri ukisema vile. Hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini sikiliza. Busia hali chakula. Amekaa dirishani tangu jana. Mrudishie Alhamisi yake. Ukishindwa, mimi sitaweza kulala kitanda kimoja na wewe nikijua bibi yangu yuko dirishani. Siyo hasira. Sitaweza tu."

Aliondoka. Zana ziligongana mpaka alipofika kwenye gari. Vonetta alibaki na baridi yake.

*

Lorraine Dudek alikuwa uani akikusanya majani kwa reki. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mnene, ana glavu za bustani na kofia ya sufu iliyomfunika mpaka nyusi. Vonetta alijitambulisha kutoka getini. Lorraine hakusimamisha reki.

"Ndiyo wewe uliyembandika shangazi yangu kwenye mlango wa kiwanda."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Nilidhani utakuwa mkubwa zaidi." Alivuta majani mawili matatu. "Wewe una shangazi?"

"Ninao watatu."

"Ukasikie habari ya mmoja wao kwenye kadi, inasomwa na mtu mwenye mbwa. Utanieleza ilivyo."

"Nimeziondoa kadi zote. Nitaandika barua ya kuomba radhi, niichapishe kwenye ukurasa wa maktaba, niseme kosa ni langu..."

"Usichapishe kitu kingine!" Lorraine aliinua mkono wenye glavu. "Nakuomba. Umeshachapisha vya kutosha."

Vonetta alivuta koti lake jembamba kifuani. Lorraine akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akashusha pumzi, akaegemeza reki ukutani.

"Ingia ndani. Utapata homa hapo, halafu na hilo niambiwe ni mimi."

Jikoni kulikuwa na joto na harufu ya kabichi. Lorraine alimmiminia kahawa bila kumuuliza anainywaje. Vonetta aliishika kwa mikono miwili, akasema yote aliyokuwa ameyapanga njiani. Kwamba aliamini Gene amekufa. Kwamba Halina hakuwa na kosa, alikataza jina lisiandikwe. Kwamba kuna bibi kizee amekaa dirishani hali chakula, na kwamba kama ni adhabu, apewe yeye Vonetta, Halina aachiwe Alhamisi yake.

"Najua kwa wengine ni jambo gumu kulikubali," alimalizia. "Mwanamke na mwanamke. Lakini wamezeeka, mama. Wanacheza karata tu."

Lorraine aliweka birika chini kwa kishindo.

"Unadhani sikujua?"

Vonetta aliweka kikombe mezani.

"Nilijua nikiwa na miaka kumi na miwili. Halina alikuja nyumbani kwetu Krismasi, shangazi akammenyea chungwa. Alilimenya lote, akatoa nyuzi zile nyeupe moja moja, akampa. Hata baba yangu hakummenyea mama yangu chungwa namna ile. Nikajua. Na sikusema, kwa kuwa yeye hakusema. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Miaka kumi na moja ni mimi niliyetia saini Halina aingie. Ni mimi niliyewaomba wawape ile meza ya pembeni, wasikae na watu."

"Basi kama hivyo... mwandike tena. Tafadhali. Ni saini moja tu."

"Mwanangu," Lorraine alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "si mimi niliyemfuta."

Saa ya ukutani iligonga. Vonetta aliiangalia kama ndiyo iliyosema.

"Kuna muuguzi pale, msichana mwema sana. Yeye na mchumba wake walicheza mchezo wenu. Jumapili akaja kazini na kile kikadi, anaruka kwa furaha. Akasimama ukumbi wa chakula, wazee wote wamekaa na supu zao, akakisoma. 'Bibi Genevieve, si ni wewe huyu!' Na unajua walifanya nini? Walimpigia makofi. Hakuna aliyemtukana. Padri mwenyewe alipiga makofi. Laiti wangemtukana, ningepata mtu wa kumkasirikia." Lorraine alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Shangazi akaweka kijiko chini. Akaomba arudishwe chumbani. Nilipofika akaniambia, Lorraine, mfute Halina. Nikamwambia, shangazi, hakuna aliyekasirika, wamefurahi. Akasema, ndiyo, wamefurahi. Sasa akija watakuwa wanatutazama. Nikimpa karata watatazama. Akinifunga skafu watatazama, waseme, oh, ona wanavyopendeza. Mimi sikukaa naye miaka yote hii ili watu wapendezwe."

"Lakini atazoea. Baada ya wiki kadhaa..."

"Hana wiki za kuzoea. Moyo wake unafanya kazi nusu." Lorraine alivuta kiti, akakaa karibu kabisa. "Na akaniambia jambo lingine. Halina akiuliza, sema ni wewe uliyekataa. Akijua ni mimi, litamuua. Basi nikakubali kuwa mtu mbaya. Kwa nini nimekwambia wewe, sijui. Labda kwa kuwa ulisimama pale getini na hilo koti jembamba. Lakini ukitoka hapa, ni mimi. Lorraine mwenye roho mbaya. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Wewe kazi yako ni kuandika kila kitu."

"Nimekusikia, mama," Vonetta alirudia, na safari hii machozi yalidondoka ndani ya kahawa, asiyafute.

*

Jikoni kwa Stasia, Busia alikuwa dirishani kweli. Sweta ya bluu ilikuwa bado mwilini. Stasia alisimama kwenye jiko, amegeuka, mwiko mkononi. Chumba kizima kilikuwa kikimngoja Vonetta avue viatu.

"Njoo ukae," Busia alisema. "Umekuwa mwembamba. Huyu hakulishi?"

"Busia," Vonetta alipiga magoti mbele ya kiti chake. "Nisamehe. Ulisema Gene, mimi nikaandika nilivyotaka. Ulinikataza waziwazi."

"Nilikukataza." Bibi hakumficha hilo. Mkono wake uliokunjamana ulikuja ukakaa juu ya kichwa cha Vonetta, kwenye nywele zilizosukwa, ukatulia. "Tutalizungumza siku nyingine, nikiwa na nguvu za kukugombeza. Sasa niambie. Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Amesema nini?"

"Amekataa, Busia."

Mkono haukuondoka. Bibi aliinama kidogo, uso wake ukawa karibu, na Vonetta akaona kwamba ile rangi ya mdomo ilikuwa imepakwa upya.

"Nani amekataa? Niambie sawasawa. Ni Lorraine? Kwa kinywa chake mwenyewe?"

Nyuma yake Vonetta alisikia mwiko umesimama. Akayatazama yale macho ya kijivu yaliyokuwa yakiliogopa jibu lake. Hapo ndipo alipojua kitu ambacho bibi yule alikuwa amekaa nacho dirishani siku mbili.

"Ni Lorraine, Busia. Kwa kinywa chake."

Halina alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, na mabega yake yote yalishuka nayo.

"Basi afadhali," alisema. "Afadhali. Mimi nilidhani labda Gene..." Hakumaliza. Alianza kutafuta leso kwenye mikono ya sweta. "Lorraine tangu mtoto ni kichwa kigumu, kama mama yake. Gene atamlainisha. Mpe Gene wiki mbili, tatu. Unadhani anaweza Alhamisi bila mimi? Atamfunga nani? Wale wazee wa pale hawajui hata kuchanganya karata. Stasia, hicho unachokoroga ni supu au gundi? Nipe kidogo."

Stasia alimpa bakuli. Alisubiri mpaka bibi ameshika kijiko na amekunywa mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akamfanyia Vonetta ishara ya kichwa, wakatoka barazani, mlango wakauegesha.

"Ulimwambia nini huyo mama?"

"Nilimwomba."

"Ulimwombaje?"

"Nilimwomba, Stasia. Nilimwambia kosa ni langu."

"Ukakaa muda gani? Dakika kumi? Akisema hapana unasema asante unaondoka? Nakujua. Mtu akikunja uso unaomba radhi mpaka kwa kiti." Sauti ilimpasuka. "Ningekwenda mimi ningelala getini kwake."

Vonetta aliangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa ametoka na soksi.

"Kuna kitu hukisemi," Stasia alisema taratibu. Alisogea. Kwa mara ya kwanza tangu jana alimshika, viganja viwili kwenye mashavu, na vilikuwa vya moto kutoka jikoni. "Nitazame. Kuna kitu. Hata kama ni kibaya, niambie, tutakibeba wawili. Nikikijua naweza kukusamehe. Usiniache nje, Von, nakuomba."

Alikuwa karibu sana. Vonetta aliona makovu madogo ya cheche kwenye kidevu chake, aliyoyazoea kwa midomo yake. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga kooni. Angeyasema, na kichwa chake kingelala pale begani usiku huu. Na kesho Stasia, ambaye uso wake haujawahi kuficha hata zawadi ya sikukuu, angeingia na kahawa ya bibi yake. Bibi angemtazama mara moja tu, akajua.

"Hakuna," alisema. "Amekataa. Basi."

Viganja vilikaa kidogo zaidi, kama vilikuwa havijasikia. Kisha vikaondoka.

"Nipe ufunguo wangu."

Ulikuwa kwenye mkufu shingoni. Hakupenda kuuweka mfukoni. Kufungua kile kishikizo kidogo kwa vidole vilivyokufa ganzi kulimchukua muda, na Stasia hakumsaidia. Alipoupokea aliufumba mkononi, akasimama akitazama barabara.

"Ningekupenda mpaka tuzeeke kama wao," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua."

Aliingia. Alirudi na viatu na koti la Vonetta, akaviweka kizingitini bila kuinua macho, akafunga mlango polepole ili bibi asishtuke.

Vonetta alivaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Ndani alisikia Busia akiuliza, "Mbona hakai kula?" na Stasia akijibu kwamba ana kazi. "Kazi Jumamosi! Ukutubi nao una zamu?" Kisha kikafuata kijiko kikigonga bakuli, na bibi akasema jambo lingine ambalo halikusikika vizuri, kitu kuhusu Gene na karata, akalichekea mwenyewe, kicheko kidogo, chembamba, cha mtu aliyeanza kupata njaa tena.

Alisimama akakisikiliza mpaka kikaisha. Ndipo akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akashuka ngazi.